Siku Nilipozindua Choo cha Mama Mkwe

Katika miaka yangu ya ubunge nilizindua kisima kimoja, madarasa mawili, daraja la magogo ambalo mto uliondoka nalo wiki ileile, mashine ya kusaga iliyogoma kuwaka mbele ya umati, na choo cha mama mkwe wangu. Vile vya mwanzo watu wamevisahau. Hicho cha mwisho, thubutu! Hata leo nikipita gulioni Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, na mkongojo wangu, wapo wazee wenzangu wanaovua kofia na kuniuliza, "Mheshimiwa, leo ufunguzi uko wapi?" Nacheka nao, maana nikinuna ndiyo watazidi.

Basi bora niseme mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu huko vijiweni wameitia chumvi mpaka imekuwa chungu. Wapo wanaoapa kwamba bendi ya shule ilipiga. Hapakuwa na bendi. Palikuwa na ngoma mbili na kipaza sauti, na kipaza sauti hicho nilikishika mimi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Watoto waliozaliwa wakati wa Uhuru walikuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi, na sisi viongozi tulikuwa tunakimbia huku na huko kana kwamba nchi ingejengwa ikamalizika kabla ya Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa mbunge wa upande wetu. Nilikuwa bado kijana, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna zahanati iliyoweza kuutibu: nikiona watu zaidi ya kumi wamekaa pamoja, lazima nihutubie.

Wiki yangu ilikuwa na njia zake. Jumatatu Kilosa mjini, ofisini, chumba kimoja chenye taipureta na benchi, na benchi lile halikupata kupoa tangu asubuhi. Huyu anataka mabati, yule mtoto wake kakosa nafasi shuleni, mwingine amekuja tu kuhakikisha kama kweli nipo. Jumanne napanda treni mpaka Munisagara kuangalia zahanati: je, dawa zimefika, au zimefika karatasi za dawa? Siku ya gulio niko Ulaya, kwa sababu siku hiyo huna haja ya kuita mkutano, watu wamejileta wenyewe. Kisanga nilikwenda kwa mambo ya nyumba bora, zile za kupangwa mistari iliyonyooka. Na Mikumi, jamani, Mikumi! Huko unaanza na maji safi, wanakuuliza tembo. Unahamia kwenye nyumba bora, wanakuuliza tembo wataanza kuzibomoa lini. Bibi mmoja aliwahi kuniuliza mkutanoni kama Bungeni hakuna hata mtu mmoja anayejua kuzungumza na tembo, maana yeye amewasemesha miaka yote na hawasikii. Nikaahidi kulifikisha.

Jumamosi narudi kwangu, katika kijiji chetu kipya kando ya barabara, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ulaya. Hapo barazani kwangu ndipo ilipokaa redio ya kijiji. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya betri, na betri zake zikichoka tulizianika juani pamoja na mpunga ili zipate nguvu kidogo. Kila Jumamosi alasiri watu walikuja na vigoda vyao kusikiliza kipindi cha afya. Bwana wa redioni alikuwa na neno moja tu msimu mzima: choo. Kila nyumba choo. Kirefu, chenye mfuniko, na maji ya kunawa pembeni.

Jumamosi moja kipindi kilipokwisha, nikasimama. Nani aliniita? Hakuna. Nikasema, "Ndugu zangu, sisi watu wa huku tumezoea vichaka. Hatujui vyoo. Mimi nitaanza kwangu, mje mjifunze." Watu wakapiga makofi. Kule nyuma, mlangoni kwa kibanda chake, mama mkwe wangu alikuwa anachambua mboga. Alinyanyua uso, akanitazama kidogo, akaendelea na mboga zake. Mimi nikadhani amefurahi.

Huyu mama ndiye aliyemzaa mke wangu. Alikuwa mjane, mtaratibu, mwenye maneno ya kuhesabu. Kwake kulikuwa ng'ambo ya mto, kwenye shamba alilolima tangu anaolewa. Amri ya kuhamia vijijini ilipokuja, watu wa ng'ambo walisitasita, nami ndiye niliyetumwa kuwashawishi. Nilisimama uwanjani kwake nikaongea nusu ya siku juu ya shule, zahanati, barabara. Akafunga mizigo. Nilijisifu mji mzima kwamba hata mama mkwe nimemhamisha, wengine wana udhuru gani? Akaja akakaa kwetu, kwenye kibanda tulichomjengea ua uleule.

Kwetu sisi mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka uchoke. Nikimwona mama yule njiani, napisha. Nikimwamkia nachuchumaa mbali, macho chini: "Shikamoo mama." Naye anajifunika kanga na kuitikia, "Marahaba," akiwa ametazama kando. Hatuli pamoja. Siketi alipoketi. Na choo, astaghfirullahi, choo ndiyo usiseme. Mama mkwe aingie mahali ambapo mkwewe wa kiume ametoka? Ni afadhali aambiwe atembee gulioni bila kanga.

Haya. Mimi niliyezaliwa na kulelewa humo, niliyechuchumaa mbele ya mama yule miaka yote, nikajenga choo kimoja kwa nyumba nzima. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu. Fundi wake alikuwa mtani wangu, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja zamani kufanya kazi ya reli asirudi tena. Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akachukua jogoo wako na kuondoka naye, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Siku anasakafia aliniuliza, "Mtani, na bibi kizee je?" Nikamjibu, "Choo ni kikubwa, kinatosha wote." Alinitazama kwa muda mrefu, akacheka peke yake, akaendelea kulainisha saruji. Alijua. Lakini mtani hakupi ushauri, anakusubiri uanguke.

Watu walikuja kukiangalia kutoka Munisagara na Kisanga. Nilikuwa nafungua mlango na kueleza kana kwamba nauza nyumba.

Wiki zikapita. Mama mkwe alianza kukonda, nami sikuona, kwa kuwa mkwe hatazamwi. Siku moja alipata kizunguzungu kisimani, mke wangu akampeleka zahanati ya Ulaya. Jioni niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa barazani na mikono kifuani. Nilijua pana jambo, maana mwanamke yule hakai hivyo hivyo bila kazi mkononi.

"Muuguzi anasema mama hanywi maji," akasema.

"Kwa nini hanywi? Kisima si kipo? Nilikizindua mwenyewe."

"Hanywi maji asije akabanwa. Hali chakula cha jioni asije akabanwa. Kijiji chenu mmekifyeka chote, nyumba zimepangwa mistari, ukisimama hapa unamwona mtu wa nyumba ya mwisho anavyopiga chafya. Vichaka viko wapi? Na hicho chako cha matofali unataka aingie akupishe mlangoni? Unazunguka jimbo zima unahubiri vyoo, na mama yangu unamkausha humu ndani!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Kesho yake nikamfuata mtani nikamwambia ajenge cha pili, nyuma ya kibanda cha mama, haraka. Mke wangu akanipa sharti moja. "Kikiisha, usiseme neno. Mtani atamwonyesha mama, basi. Wewe hujui, hukuona, hukusikia."

"Nimeelewa," nikasema. Na nilielewa kweli. Naapa nilielewa.

Choo kikaisha Ijumaa. Jumamosi nikarudi kutoka Mikumi na Land Rover ya wilaya, pamoja na bwana afya, kijana mgeni wa huku, aliyetoka masomoni juzijuzi. Gari lile lilikuwa na kipaza sauti cha mkononi. Barazani kwangu watu walikuwa wamejaa, na wageni kutoka Kisanga walikuwa wamekuja kujifunza. Tukafungua redio. Bwana wa redioni akasema, "Ndugu wasikilizaji, leo..." kisha akakwama. Betri zilikuwa zimekufa, na jua la kuzianika lilikuwa limefunikwa na wingu. Tukaipiga redio makofi. Tukaigeuza. Kimya.

Watu wakaanza kukunja vigoda. Bwana afya akaninong'oneza, "Ndugu Mbunge, hawa wametoka mbali. Hakuna kitu cha kuwaonyesha?"

Nikaona watu zaidi ya kumi wamekaa pamoja. Mkononi nina kipaza sauti. Ugonjwa ukanipanda.

"Ndugu wananchi," nikasema, na sauti ikafika mpaka barabarani, "msiondoke! Nifuateni!" Nikawaongoza wote, pamoja na vijana wawili wenye ngoma, tukazunguka nyumba mpaka nyuma ya kibanda. Nikachuna kamba ya mgomba nikaifunga mlangoni. Mtani alikuwepo, akaniangalia akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, nikadhani ameguswa. Nikahutubia. Sitarudia yote, nina wajukuu. Ila nilisema kwamba choo hiki ni cha mama mkwe wangu mpendwa, kwamba kuanzia leo hatahangaika tena, kwamba atakuwa anakuja hapa asubuhi na jioni kwa raha zake, na kwamba hayo ndiyo matunda ya Uhuru. Nikakata kamba. Ngoma zikalia.

Bwana afya akapiga makofi. Alipiga peke yake.

Nikageuka. Wanawake wote wameziba midomo kwa kanga. Wazee wanatazama miguu yao. Na mama mkwe, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa kwamba naye ni mtu na yupo, alikuwa ameketi mlangoni kwake na ungo wa mchele mapajani, hatua chache kutoka niliposimama. Akauweka ungo chini taratibu. Akajifunika kanga mpaka machoni. Akaingia ndani akafunga mlango.

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakatawanyika bila kuaga, ila mtani, ambaye alikuwa amekaa chini anagaragara kwa kicheko, machozi yanamtoka. "Asubuhi na jioni!" alikuwa anasema. "Kwa raha zake!"

Jumapili asubuhi kibanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amechukua kinu chake, mkeka na kuku wawili, amevuka mto kurudi kwenye mahame yake.

Sasa hapo kicheko kikaisha. Mahame hayakuruhusiwa kukaliwa. Jirani zake wote walikuwa wamehama, kule hapakuwa na mtu wa kuazimana naye moto. Mama mwenyewe alikuwa bado dhaifu. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima, na mto ule masika yakianza hauvukwi na mtu mpaka yaishe. Mke wangu hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliniambia tu, "Mvua zikimkuta kule peke yake, hatutamwona tena. Mrudishe kabla mto haujajaa. Usipoweza, nitamfuata mimi, na sitajua nitarudi lini."

Niende mwenyewe? Nitamkabili vipi mama niliyemtangazia haja zake kwa kipaza sauti? Kosa la mkwe halina msamaha wa ana kwa ana. Anayeweza kulibeba ni mtani peke yake, maana yeye hana aibu ya kupoteza. Nikamfuata nikampigia magoti.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini siwezi kwenda kwa mama wa watu nimevaa hivi. Nataka suti yako ya Bungeni."

"Suti yangu! Kikao ni wiki ijayo!"

"Basi kamwambie mwenyewe. Chukua na kipaza sauti."

Nikampa suti. Nikampa jembe jipya na doti ya kanga za kuombea radhi. Akaongeza jogoo wangu kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa njia ni ndefu.

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu anayetembea na mwiba. Kilosa, benchi lilijaa kuliko siku zote, na hakuna aliyekuwa na shida, wamekuja kunitazama. Munisagara, akina mama waliopanga foleni kliniki na watoto mgongoni waliniamkia kwa adabu, kisha mmoja akauliza, "Ndugu Mbunge, na cha kwetu utakuja kukikatia kamba lini?" Foleni nzima ikaangua kicheko, hata muuguzi. Kisanga nilitaka kusema habari za mistari ya nyumba, nikaona naangalia nyuma ya kila nyumba kutafuta mahali ambapo mtu anaweza kupita asionekane. Hapakuwepo. Mikumi ndiko nilikopata ahueni. Wao waliniuliza tembo.

Kila jioni niliangalia milima. Mawingu yalikuwa yanashuka.

Alhamisi mtani alirudi, suti imejaa vumbi mpaka kwenye kola. Nikamwuliza amesemaje.

"Kanga amepokea. Jembe ameliangalia akasema analo. Halafu akanionyesha kitu. Anasema uende Jumamosi ukakione. Yeye atakuwa shambani, hutamwona."

"Kitu gani?"

"Mtani, mimi nimevaa suti. Siwezi kubeba maneno yote."

Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu redio ile ije, kipindi cha afya kilisikilizwa bila mimi. Tulivuka mto mimi na mtani, maji yako magotini, ya rangi ya chai ya maziwa. Nilipofika uwanjani kwa mama sikupatambua. Siku ya kuhama vijana wetu walikuwa wameezua nusu ya paa wakachukua nyasi kwenda kuezekea kwingine. Ila uwanja ulikuwa umefagiwa, umefagiwa hasa, mistari ya fagio inaonekana. Mtani akanionyesha njia nyembamba iliyopita katikati ya mihogo. Njia ikakunja kushoto, ikakunja kulia, na mihogo ikatufunika, mtu wa uwanjani asingejua tulipo.

Mwisho wa njia palikuwa na choo.

Nilikichunguza kama bwana afya. Shimo refu, nikatupa jiwe nikasubiri sauti. Sakafu ya magogo magumu, juu yake udongo uliosilibwa na kulainishwa mpaka unang'aa. Mfuniko wa ubao wenye mshikio wa mti, umekaa sawasawa pasipo hata nafasi ya inzi. Chungu kilichovunjika mdomo, kimejaa majivu. Nje kibuyu cha maji kimening'inizwa, kina kijiti cha kukiinamishia bila kukishika. Ile yote aliyokuwa akituhubiria bwana wa redioni ilikuwepo, na mengine hakuyajua.

"Alichimba marehemu mumewe," mtani akasema, "akisaidiwa na shemeji zake. Mkeo alikuwa bado anatambaa. Anasema wazee walisafiri kuja kukiona."

Mke wangu alikuwa anatambaa! Hiyo ni kabla ya Uhuru, kabla ya redio, kabla ya mimi kujua kuvaa viatu. Na mimi nilisimama barazani kwangu nikawaambia watu kwamba sisi wa huku hatujui vyoo, na mama huyu alikuwa nyuma yangu anachambua mboga. Nilimtoa kwenye choo chake mwenyewe nikampeleka mahali ambapo alilazimika kuacha kunywa maji. Nikakaa chini pale kwenye njia ya mihogo. Nililia, sioni haya kusema. Mtani akaniacha nilie kidogo, halafu akasema, "Haya mtani, kizindue basi tuondoke." Nikacheka nikiwa bado nalia, makamasi na yote.

Tulipotoka tulimsikia mama akikohoa ndani ya mahindi, upande wa pili wa uwanja. Hakuwa mbali. Nikageuka nikampa mgongo, nikachuchumaa, na mtani akasimama katikati. Tukazungumza hivyo, kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na kila neno likapita kwa mtani kwanza.

"Mtani, mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

"Mwambie nimekosa. Mwambie nimekiona. Mwambie mimi ni mjinga."

"Hilo la mwisho analijua," mtani akasema, lakini akalifikisha.

Mahindi yakatikisika kidogo. Juu ya milima radi ikaunguruma kwa mbali. Kisha mama akasema, "Mwambie nitarudi, kwa ajili ya mwanangu. Lakini choo nitachagua mimi pa kuchimba, na utachimba wewe mtani. Na yeye asijue kiko wapi."

"Anasema usijue kiko wapi."

"Nimekubali."

"Asiulize."

"Sitauliza."

"Na akiulizwa?" mama akauliza.

Mtu aniulize jambo la nyumbani kwangu nishindwe kujibu? Nikasema, "Mwambie nikiulizwa sitakuwa na jibu." Mama akaguna. Siku ya pili alivuka mto na kinu chake, kuku wawili na ule mfuniko wa ubao, mke wangu ameshika mkono wake. Siku ya nne mvua ikanyesha, na mto ukafunga.

Mimi nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kwenye kikao cha Bunge, na suti iliyofuliwa mara tatu. Niliporudi nilikuta migomba na mihogo michanga imepandwa nyuma ya nyumba yote, njia tatu nyembamba zimekunja huku na kule, na sikujua ipi inakwenda wapi. Kile choo cha kamba ya mgomba kilikuwa kimejaa kuku. Sikuuliza. Mke wangu aliniambia tu kwamba mama ameomba mtungi wa pili wa maji ya kunywa, maana mmoja haumtoshi.

Baada ya hapo nilipokwenda Kisanga kwa mambo ya nyumba, nilianza kwa kuwauliza watu walikuwa na nini kule walikotoka. Mikutano ikawa mirefu ajabu. Wenyewe wakaomba wapande migomba nyuma ya nyumba, hata kama mstari utapinda, nami nikawaunga mkono, nikaandikiwa barua kali kwa ajili hiyo.

Kisha akaja bwana afya kukagua, na daftari lake. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake. Akaandika choo changu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza, "Na mama mzazi wa mkeo? Kile ulichokizindua naona kina kuku. Anacho kingine?"

"Anacho."

"Kiko wapi, Ndugu Mbunge?"

"Sijui."

Akacheka, akidhani natania. "Kiko uani kwako, utakosaje kujua?"

"Sijui," nikasema tena, kwa sauti yangu yote ya kuitia ng'ombe. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakafuata wengine, na wawili wakamshika bwana afya mkono wakaenda naye wenyewe. Mimi nikageuka upande wa barabara mpaka aliporudi. Kibandani kwake mama mkwe alikuwa anatwanga, na mchi haukukosea pigo hata moja.

Alikaa nasi miaka mingi, akanenepa, akalea watoto wetu wote. Tulipomzika na arobaini ikapita, mke wangu alinishika mkono jioni moja, akaniambia, "Njoo nikuonyeshe sasa. Hakuna tena wa kumwonea haya." Tukatembea mpaka pale njia inapoanza kukunja. Nikauachia mkono wake, nikamwambia aende yeye, nikarudi barazani nikamsubiri.